Nilisema ni Mapenzi ya Mungu, Kumbe Kisima



Andiko hili nimekaa nalo karibu miezi mitatu. Kila nikishika simu niandike, naiweka chini. Leo nimeamua liende hivyo hivyo lilivyo, kwa sababu wiki hizi za machaguo ya vyuo wengi mmeniandikia, na ujumbe mmoja umejirudia sana: "Frateri, nilitaka udaktari, nimepata Afya ya Jamii kwenye chuo cha Kanisa. Niende au nisubiri mwakani?" Nina jibu, ila linaanzia mbali kidogo. Linaanzia makaburini.

Mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa huku pwani, parokia moja ya barabara ya Bagamoyo. Wanaoijua njia hii wanajua ilivyo. Ukishaiacha Bunju, ukapita Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka unaingia Bagamoyo mjini, viwanja vinapimwa kila siku na nyumba zinaota kama uyoga, lakini bomba la maji haliendi kwa mwendo wa matofali. Kwa hiyo watu wanachimba. Ardhi ni mchanga, maji yako karibu, vijana wawili wenye jembe na ndoo wanakutolea kisima kwa siku chache.

Alfajiri moja katekista wa kigango akanipigia. Mtoto wa mama mmoja wa jumuiya, umri miaka miwili na kitu, aliharisha na kutapika usiku kucha. Walipopata bodaboda ya kumkimbiza zahanati alikuwa ameshakata roho. Paroko alikuwa safarini, nikaenda mimi.

Nilihubiri, tena nilijiona nimehubiri vizuri. Nilisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilisema mwenye bustani akipita asubuhi anachuma ua analolitaka, hakuna wa kumuuliza. Watu wakaitikia amina. Mama mtoto hakuitikia. Alikuwa anaangalia mchanga, mkononi ameshika kandambili moja ya mtoto, sijui ile nyingine ilikuwa wapi. Baada ya mazishi tukanawa mikono, tukapewa chai. Maji ya kunawa na maji ya chai yalitoka kisima kimoja, hatua chache nyuma ya nyumba. Nilikiona. Nilipita pembeni yake nikiwa nimevaa kanzu na sikukiangalia.

Wiki tatu baadaye akaja binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Afya ya Jamii kutoka chuo kikuu kimoja cha Kikristo, yuko fildi pale zahanati. Mganga wa zahanati alikuwa ameona kwenye rejista kwamba watoto wa kuharisha wanatoka upande mmoja wa kitongoji, akamtuma akaangalie. Akaomba mtu wa kumtambulisha kwenye nyumba za Wakatoliki. Kwa majirani zetu Waislamu alishapelekwa na mjumbe. Nikajitolea, maana siku ile sikuwa na kazi. Niwe mkweli tu.

Tulitembea nyumba 22. Kila nyumba aliuliza maswali yale yale kwa upole ule ule: maji mnateka wapi, mnayachemsha, choo kiko wapi, nani aliumwa, lini. Lakini kabla ya kuanza kujaza fomu aliuliza kwanza jina la mtoto. Nikachungulia fomu yake, haina nafasi ya jina. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema mhadhiri wao, sista mmoja, aliwaambia wiki ya kwanza: fomu haitaki jina, wewe litake.

Tulipofika kwenye kile kisima akatoa futi ya kupimia, akanipa nishike ncha moja. Kutoka ukingo wa kisima mpaka choo cha shimo cha nyumba ya jirani zilikuwa mita 11. Akaangalia mteremko. Choo kilikuwa upande wa juu. Akaandika, hakusema kitu. Nikamuuliza inatakiwa iwe ngapi. "Tunafundishwa angalau 30, na choo kikae upande wa chini." Akachukua sampuli kwenye chupa, na majibu yaliporudi yakasema maji yana vimelea vya kinyesi.

Vijana, mimi nina shahada ya falsafa. Nimeandika kurasa kuhusu visababishi. Mtihani wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino nilifaulu vizuri tu, na mmoja wa mambo aliyofundisha ni huu: Mungu anauongoza ulimwengu, lakini hafanyi kila kitu peke yake kana kwamba viumbe ni vinyago. Amevipa heshima ya kuwa visababishi vya kweli. Moto unaunguza kweli, dawa inaponya kweli, na maji machafu yanaua kweli. Nililijua hilo darasani. Makaburini, mbele ya mama aliyeshika kandambili, nikamsingizia Mungu kazi ya mita 11.

Nikarudi kwenye Biblia kwa aibu, na nikakutana na sehemu ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, mstari wa 19 hadi 22. Watu wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha. Wanamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, yeye mwenyewe anaona, ila maji yake ni mabaya na nchi inaharibu mimba. Angalieni nabii anachofanya. Haanzi kupita nyumba kwa nyumba kuwawekea mikono wanawake waliopoteza watoto. Haulizi nani alitenda dhambi. Hasemi ni mapenzi ya Mungu, vumilieni. Anaomba bakuli jipya na chumvi, anatoka nje ya mji, anakwenda mpaka pale maji yanapochimbuka, na huko ndiko anakotupa chumvi na kulitaja neno la Bwana. Anakwenda kwenye chanzo!

(Sisi wa Bagamoyo tuna chumvi ya kutosha, mashamba yake yako hapo Nunge. Lakini tafadhali, asije mtu akamwaga gunia kisimani akasema Frateri kasema. Ule ulikuwa muujiza. Wewe chemsha maji au tumia dawa ya kutibu maji.)

Na ukiona hilo halitoshi, soma Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 12 hadi 14. Humo Mungu anawaagiza askari wa Israeli watenge mahali nje ya kambi, kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, na akimaliza haja yake afukie, kwa sababu Bwana anatembea katikati ya kambi. Mungu aliyewatoa Misri kwa mkono wenye nguvu hakuona aibu kuzungumzia choo. Tunaoona aibu ni sisi.

Nalisema hili kwa sababu yule binti, jioni tukirudi, alinieleza habari zake. Kidato cha sita alisoma PCB, ndoto ilikuwa udaktari. Majina yalipotoka akakuta Afya ya Jamii. Alilia siku mbili. Baba yake mdogo akamwambia mbele ya watu, "Yaani miaka yote hiyo umeenda kusomea vyoo?" Kwa wengi wetu mtu wa afya ya jamii ni bwana afya tu, yule anayekuja kufunga kibanda cha mama ntilie. Hana koti jeupe, hana kipimo shingoni, na hakuna mgonjwa atakayekuja na kuku kumshukuru, kwa sababu aliyeokolewa hajui kwamba aliokolewa. Mtoto ambaye hakuharisha hana ushuhuda wa kutoa kanisani.

Kwa hiyo turudi kwenye vyoo vya baba mdogo. Watu wa pwani mnajua matende na mabusha. Mnajua wazee wanaojificha na kanzu pana, na wengine hata harusini hawaji. Ugonjwa ule unaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, na mmoja wa mbu wake wakubwa huku kwetu anapenda kuzaliana kwenye maji machafu ya mashimo ya vyoo. Miaka ya mwisho ya 1980 kule Makunduchi, Unguja, wataalamu walimwaga vipunje vya plastiki nyepesi ndani ya vyoo vya shimo. Vile vipunje vikaelea juu ya maji kama blanketi, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakapungua mno. Pamoja na dawa waliyopewa wananchi, maambukizi yakashuka sana. Hiyo ndiyo kusomea vyoo. Kuna mzee leo anacheza na wajukuu wake kwa sababu kuna mtu alikubali kuchungulia shimo.

Mtanisamehe niwapeleke London kidogo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, kikaua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow akasema tatizo ni maji ya bomba moja la mkono la Broad Street. Wengi hawakumwamini, na mmoja wa hao alikuwa kasisi msaidizi wa Kianglikana wa mtaa ule, Henry Whitehead, kijana ambaye hajafika miaka 30. Aliwajua waumini wake, akaona Snow amekosea, akaamua kuthibitisha hivyo. Akaenda nyumba kwa nyumba, akauliza, akarudi tena na tena kwa wafiwa. Na kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba daktari alikuwa sahihi. Tena yeye ndiye aliyempata mtoto mchanga aliyeugua mwanzoni, ambaye mama yake alifua nepi na kumwaga maji kwenye shimo lililo karibu na lile bomba. Daktari alikuwa na nadharia, lakini milango ilimfungukia kasisi. Ningependa kuwa kasisi wa namna hiyo. Hadi sasa nimekuwa wa namna nyingine.

Na huku kwetu je? Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kipindupindu kikaipiga pwani hii mwaka 1869 na 1870, misheni ikiwa bado changa kabisa. Daktari Mskoti aliyeishi Zanzibar, James Christie, alifuatilia njia za ugonjwa ule, akaona unatembea na misafara ya biashara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu yake. Njia ile ile iliyoleta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo ndiyo iliyoleta maradhi. Na mwaka 1872, misheni ikijikongoja, kimbunga kikaibomoa.

Ukifika pale misheni usiishie kupiga picha kwenye mnara. Nenda kwenye makaburi ya wamisionari, usome umri wao. Utakuta watu wa miaka ishirini na, thelathini na, yaani rika letu. Wengi waliuawa na homa. Waliomba, walihudumia wagonjwa, wakafa, na hawakujua kwamba aliyekuwa anawaua ni mbu anayewalilia sikioni usiku, kwa sababu jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897 tu. Ujasiri walikuwa nao mwingi. Walichokosa ni maarifa ambayo leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayapata muhula wa kwanza. Na hapo hapo Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka makaburi yale, Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake ambako chanjo za malaria zimejaribiwa, zikiwemo mbili ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza kwa watoto, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Nikipita pale na bodaboda huwa nafanya ishara ya msalaba. Bodaboda wangu hunishangaa, anadhani kuna kanisa.

Sasa swali lenu. Kwa nini usomee mambo haya kwenye chuo cha Kikristo wakati bakteria hawana dini? Kweli hawana. Epidemiolojia ya CUHAS pale Bugando, Mwanza, au ya KCMC Moshi, au ya Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kule Nkozi, ni ile ile ya chuo cha serikali. Hesabu hazibatizwi. Na usiende ukidhani utapewa mtihani mwepesi kwa sababu unasali rozari. Ajira nazo, sitakudanganya, ni ngumu, na bumu la Bodi ya Mikopo unalijua wewe mwenyewe.

Tofauti, kama ipo, naiona sehemu mbili. Ya kwanza nimeshaisimulia: jina kabla ya fomu. Takwimu zina hatari yake, zinaweza kumgeuza mtoto kuwa kijiti kwenye jedwali. Anayeamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu anayo sababu ya kukataa hilo hata siku amechoka.

Ya pili ni ukweli, na hapa kuna gharama. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2021. Kusema kwa sauti kwamba korona ipo nchini ilikuwa jambo la kuangalia kwanza nani yuko karibu. Januari ile Baraza la Maaskofu lilitoa waraka kuwatahadharisha waamini, likitukumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa. Mwezi Machi Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza, akasema hadharani kwamba ndani ya kipindi cha miezi miwili hivi tumewapoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, wengine wakiwa na matatizo ya kupumua. Kanisa lilihesabu wafu wake likataja idadi. Mimi nilikuwa mdogo wa kimawazo wakati ule, nikaona kama ni siasa. Leo naona ilikuwa afya ya jamii, na pia ilikuwa ile amri inayokataza kushuhudia uongo.

Mtu ataniuliza, na wameshaniuliza, "Je, mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi si yatanibana darasani na kazini?" Kuna siku yatakubana, ndiyo. Utajifunza yote yaliyo kwenye mtaala, utayajua kwa usahihi, na itakubidi uamue kwa dhamiri iliyofundwa, bila kumdanganya mgonjwa na bila kupotosha namba ili zikubaliane nawe. Hilo ni zito, halimalizwi kwenye aya moja ya Frateri. Tafuta padre au mwalimu unayemwamini, kaa naye. Ila usikimbie fani kwa sababu ina maswali. Udaktari nao unayo.

Mtakatifu Tomaso anaiweka busara kuwa fadhila, na ndani ya busara anaweka kuona mbele. Kuona mbele ni fadhila, jamani! Sisi tumezoea kuzisifu fadhila za dharura: kuchangia jeneza, kulala matangani, kupika ubwabwa wa msiba. Tunajua kufika. Katika kile kigango, mchango wa msiba ule ulipatikana ndani ya saa tatu. Fedha ile ile ingetosha kuanza kisima kingine, lakini nani angeichanga wakati hakuna aliyekufa?

Na yule Msamaria wa Luka 10, ambaye mpaka hospitali zinaitwa kwa jina lake, nampenda sana. Lakini siku hizi nawaza, kama angepita njia ile ya Yeriko kila wiki na kila wiki akamkuta mtu amepigwa, asingeuliza habari za wale wanyang'anyi?

Mwezi uliopita tulirudi kwa mama yule, mimi na binti wa fildi. Nilikuwa naogopa. Kumwambia mama kwamba ni maji ni karibu sawa na kumwambia ni wewe uliyemnywesha. Binti aliniambia njiani, "Frateri, wewe usianze. Acha niongee." Akakaa naye mkekani, akamtaja mtoto kwa jina lake. Akamweleza kwamba kisima kile kinatumiwa na nyumba tisa, kwamba maji yake yanaonekana maangavu na hakuna macho yanayoweza kuona kilichomo, kwamba yeye alifanya kila ambacho mama anayejua angefanya. Akamfundisha kuchanganya maji ya kumwokoa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogo kidogo huku mnakwenda zahanati. Chumvi tena, nikamkumbuka Elisha.

Mama akanigeukia mimi. "Frateri, siku ile ulisema Mungu alimtaka. Binti anasema ni maji. Nimfuate nani?"

Nikamwambia amfuate binti. Nikamwambia nilisema kitu nisichokijua, nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia ninachokiamini bado, kwamba mtoto wake yuko kwa Mungu, na kwamba Yesu mwenyewe, wanafunzi walipomuuliza juu ya yule kipofu ni dhambi ya nani, alikataa lile swali, akatengeneza tope na kumtuma akanawe. Hakunijibu. Alinyanyuka, akaingia ndani, nikadhani nimeharibu. Akatoka na panga, akatuongoza mpaka nyuma ya mikorosho, upande wa juu, mbali na vyoo vyote. Akakata kijiti, akakichomeka mchangani.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Chimbeni hapa. Funguo ya kifuniko nitakaa nayo mimi."

Binti akatoa futi yake. Zilitoka mita 41 hadi choo cha karibu.

Tunaanza kuchimba Jumamosi hii saa mbili asubuhi. Pete za zege zimeshalipiwa nne, bado mbili. Shehe wa kitongoji ameahidi vijana wake kumi na majembe yao, kwa hiyo VIWAWA wa parokia tusije tukaonekana wachache. Kigango ni kile kile, mwulizeni katekista. Na usiku huu, ukisali, mwombee mama yule, na yule binti ambaye wiki ijayo anarudi chuoni kufanya mtihani wa takwimu, somo ambalo anasema ndilo msalaba wake.